Mkama Rumanyika na Nchi ya Karagwe

1. Ardhi ilipotikisika

Ilikuwa siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016. Saa 9 na dakika 27 alasiri ardhi ilitikisika katika mkoa wa Kagera. Watu walikimbia nje. Kuta za matofali mabichi zilianguka. Nyumba nyingine zilibaki zimesimama, lakini zilikuwa na nyufa kubwa na hazikufaa tena kulala watu.

Serikali ilitangaza kwamba watu 17 walikufa. Mamia waliumia. Bukoba na Missenyi ndiko kulikoharibika zaidi. Karagwe na Kyerwa nako tetemeko lilifika.

Baadaye watu walianza kuulizana. Ni nani atakayejenga? Serikali ilijenga upya majengo ya umma. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, karibu na mji wa Bukoba, zilijengwa upya. Lakini kwa nyumba za watu, Serikali ilisema kwamba kila mwenye nyumba ataijenga mwenyewe. Wengine walikubali, wakasema Serikali haiwezi kumjengea kila mtu. Wengine walinung'unika. Walisema mtu aliyepoteza kila kitu hana pa kuanzia.

Swali hili si jipya katika nchi ya Karagwe. Zaidi ya miaka mia iliyopita nchi hii ilipatwa na janga kubwa kuliko tetemeko lile. Ili kulielewa janga hilo, lazima kwanza tumfahamu Mkama Rumanyika. Yeye aliitawala Karagwe ilipokuwa na nguvu. Janga lilikuja baada ya kufa kwake.

2. Ngoma ndogo

Karagwe ilitawaliwa na Wakama wa ukoo wa Wahinda. Mkama ni mfalme. Wahinda walisema kwamba babu yao ni Ruhinda, aliyekuja zamani sana na kuanzisha utawala. Makao makuu ya Mkama yalikuwa Bweranyange. Mahali hapo pako katika wilaya ya Karagwe ya leo. Karibu na hapo kuna ziwa dogo na vilima vya majani.

Baba yake Rumanyika aliitwa Ndagara. Wakati wa Ndagara, wafanyabiashara wa pwani walianza kufika Karagwe. Walikuwa Waarabu na Waswahili, waliotoka Unguja na Bagamoyo. Walipitia Kaze, karibu na Tabora. Walileta nguo, shanga na nyaya za shaba. Walichukua pembe za ndovu. Walijenga kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange.

Ndagara alikufa miaka ya 1850. Aliacha watoto wa kiume, na kila mmoja alitaka kiti. Wazee walisimulia jinsi Rumanyika alivyochaguliwa. Ngoma ndogo iliwekwa mbele ya watoto wa Mkama. Ngoma yenyewe ilikuwa nyepesi. Lakini ilikuwa imetiwa dawa, na ilisemekana kwamba asiyestahili hataweza kuiinua. Ndugu zake walijaribu, wakashindwa. Rumanyika aliiinua kwa kidole kimoja. Tena walisema aliketi chini, na ardhi ikamnyanyua juu mpaka mawinguni, kisha ikamshusha taratibu.

Hivyo ndivyo walivyosimulia. Lakini ngoma peke yake haikutosha. Ndugu yake mmoja, aliyeitwa Rogero, hakukubali. Alikusanya watu akapigana. Vita vilikuwa vikali, na Rumanyika alikuwa karibu kushindwa. Ndipo mfanyabiashara wa Kihindi kutoka Kaze, aliyeitwa Musa Mzuri, alipomsaidia kwa watu wenye bunduki. Rogero alifukuzwa. Musa alilipwa kwa pembe za ndovu.

Jambo hili tulikumbuke. Rumanyika alipata kiti kwa bunduki za wageni. Ugomvi wa watoto wa Mkama juu ya kiti haukutatuliwa kwa sheria. Ulitatuliwa kwa nguvu. Yeye mwenyewe hakuurekebisha baadaye, ingawa alikuwa na miaka mingi ya kufanya hivyo.

3. Jinsi alivyotawala

Rumanyika alikuwa mtu mrefu. Sura yake ilikuwa ya upole na sauti yake ya taratibu. Wageni walioandika habari zake walimsifu kwa utulivu na akili. Waliandika kwamba chakula chake kilikuwa maziwa.

Maziwa yalikuwa chakula cha wakubwa, na ng'ombe ndio waliokuwa utajiri wa nchi. Vilima vya Karagwe vilikuwa na majani mazuri. Wafugaji, walioitwa Wahima, walichunga makundi makubwa ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Wakulima walikuwa Wanyambo. Walilima migomba, mtama na maharagwe, na wahunzi wao walifua majembe na mikuki. Mkulima alimletea Mkama chakula na pombe ya ndizi. Mfugaji alimletea ng'ombe.

Tusidanganyane. Utawala huu haukuwa wa usawa. Mkulima alifanya kazi nyingi na kupata heshima kidogo. Mwenye ng'ombe alikuwa bwana, na asiye na ng'ombe alimtumikia. Watumwa pia walikuwako.

Hata hivyo, mali haikwenda upande mmoja tu. Mkama na wakuu wake waliwagawia watu ng'ombe wa kufuga. Mtu aliyepewa ng'ombe alikunywa maziwa na kupata samadi ya shamba lake. Kwa ajili hiyo alimtumikia aliyempa. Kama ng'ombe wa mtu walikufa, alikuwa na mahali pa kwenda kuomba. Alikwenda kwa bwana wake. Bwana alikwenda kwa mkubwa zaidi. Mwisho wa njia hiyo alikuwapo Mkama mwenyewe, mwenye makundi makubwa kuliko yote.

Kwa njia hii ng'ombe wa Mkama walikuwa kama akiba ya nchi. Leo Serikali huweka nafaka katika maghala, na fedha katika benki. Akiba ya Karagwe ilikuwa inatembea kwa miguu minne vilimani. Ilikuwa akiba nzuri. Ilizaa yenyewe. Lakini ilikuwa na hatari moja, nayo ni kwamba yote ilikuwa ya aina moja.

Kila mwezi mpya ulipoandama, kulikuwa na sherehe Bweranyange. Ngoma nyingi zilipangwa mstari na kupigwa. Wakuu wa nchi walikuja mmoja mmoja mbele ya Mkama. Kila mmoja aliapa kwamba ataendelea kumtii. Mkama alijua ni nani aliyekuja na nani hakuja. Hivyo alipata habari za nchi yake kila mwezi.

Katika nyumba yake ya hazina Rumanyika aliweka mikuki mizuri, na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma na shaba. Sanamu kama hizo hazikuwa mapambo tu. Zilikuwa alama za utawala.

4. Wageni kutoka mbali

Mwezi Novemba 1861 wageni wawili Waingereza walifika Bweranyange. Majina yao yalikuwa Speke na Grant. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Naili. Walikuwa wamechoka sana. Njiani kila mtemi aliwadai hongo. Wakati ule hongo ilikuwa malipo ya kupita katika nchi ya mtu.

Walipoingia Karagwe waliona tofauti. Rumanyika hakudai hongo. Aliwaagiza wakuu wake wawape wageni chakula njiani, kwa gharama yake yeye. Walipofika aliwapokea kwa furaha, akaketi nao na kuzungumza.

Rumanyika alikuwa mtu wa kuuliza. Alitaka kujua habari za nchi nyingine na jinsi zinavyotawaliwa. Siku moja aliuliza juu ya jua. Je, jua tunaloliona leo ndilo lile la jana? Au kila siku huja jua jipya? Sisi tunaosoma leo tunaweza kucheka. Lakini mtu anayeuliza swali kama hilo ana akili inayofanya kazi. Wengi huliona jua kila siku wala hawaulizi.

Mwezi Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Grant hakuweza kwenda. Mguu wake ulikuwa umevimba vibaya, na hakuweza kusimama. Alibaki Karagwe mpaka mwezi Aprili. Muda wote huo Rumanyika alimtunza. Hakumnyang'anya mali yake, ingawa Grant alikuwa mgonjwa na hana nguvu ya kujitetea.

Miaka 14 ikapita. Mwaka 1876 alikuja mgeni mwingine, Stanley. Rumanyika alikuwa mzee sasa. Alimpa Stanley watu wa kumwongoza, naye akatembea kwa mashua katika mto Kagera na maziwa yake. Stanley alikwenda pia kuziona chemchemi za maji moto za Mtagata. Chemchemi hizo ziko katika wilaya ya Kyerwa ya leo, na hata siku zile watu wenye maradhi walikwenda kuoga huko.

Karagwe aliyoiona Stanley ilikuwa nchi ya amani. Upande wa kaskazini ilikuwako Buganda yenye nguvu. Rumanyika alijua kwamba hawezi kupigana na Buganda, kwa hiyo aliitunza urafiki. Wafanyabiashara wa Kafuro walikwenda na kurudi. Ng'ombe walijaa vilimani.

5. Nyumba iliyogawanyika

Rumanyika alikufa yapata mwaka 1878. Aliacha watoto wengi wa kiume. Hakuna njia iliyokubaliwa na wote ya kumpata mrithi.

Sehemu hii ya habari ni mbaya, nasi tutaipita upesi. Mtoto mmoja alitawala miezi michache tu. Kisha akaja mwingine, aliyeitwa Kakoko, akachukua kiti kwa nguvu. Stanley alipopita tena Karagwe mwaka 1889, aliambiwa kwamba Kakoko alikuwa amewaua ndugu zake 17, na mmoja alikuwa amemtoboa macho. Mwishowe Kakoko naye aliuawa kwa mkuki, akiwa amelewa. Kiti kilikwenda kwa kijana aliyepewa jina la baba yake Rumanyika, Ndagara. Wakubwa walitawala kwa jina la kijana huyo na kugombana wao kwa wao. Buganda nayo ilitia mkono wake katika mambo ya Karagwe.

Fikiri maana ya jambo hili kwa mtu wa kawaida. Zamani mkuu wa eneo alikwenda Bweranyange kila mwezi mpya kuapa. Sasa angeapa mbele ya nani? Aliyekuwa kitini mwezi huu huenda mwezi ujao angekuwa maiti. Mtu aliyekuwa na haja hakujua aende kwa nani. Ile njia ya kupanda kutoka kwa bwana mdogo mpaka kwa Mkama ilikuwa imekatika.

Nchi ilikuwa bado ina watu na ng'ombe. Lakini haikuwa tena na serikali ya kweli. Wakati ule ndipo janga lilipokuja.

6. Sotoka

Sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe. Wafugaji wa nchi zetu za maziwa waliuita muryamo. Ng'ombe aliyeambukizwa alipata homa. Macho yalitoa machozi, na pua ilitoa makamasi. Mdomo ulijaa vidonda. Kisha aliharisha sana, na baada ya siku chache alikufa. Ugonjwa ulikwenda kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine kwa upesi mno.

Ugonjwa huu haukuwako Afrika Mashariki zamani. Uliingia mwishoni mwa miaka ya 1880 upande wa Ethiopia na Eritrea, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Kutoka huko ulishuka kusini. Mwaka 1890 na 1891 ulikuwa katika nchi za Ziwa Viktoria. Kabla ya mwaka 1900 ulikuwa umefika Afrika Kusini. Mahali pengi ng'ombe 9 katika kila 10 walikufa. Nyati na wanyama wengine wa porini nao walikufa.

Karagwe iliangamia. Makundi ya ng'ombe aliyoyaacha Rumanyika yalilala chini vilimani yakioza. Mfugaji aliyekuwa tajiri asubuhi alikuwa maskini kabla mwezi haujaisha. Wahima hawakuzoea kulima. Maziwa yalipokwisha, hawakuwa na chakula. Wakulima nao walipata shida, maana hapakuwa na samadi, na wenye njaa walikuwa wengi kuliko chakula.

Baada ya sotoka ikaja ndui. Miaka ile ile walikuja pia funza, wadudu waingiao katika vidole vya miguu. Walikuwa wageni katika nchi hii, na watu hawakujua jinsi ya kuwatoa. Miguu ya watu ilioza, wakashindwa kwenda shambani. Watu wengi walikufa. Wengine walihama. Vijiji vilibaki mahame.

Hapa tuulize swali lile la mwaka 2016. Ni nani alipaswa kuijenga nchi upya?

Mkama hakuwa na kitu cha kugawa. Ng'ombe wake walikuwa wamekufa kama wa watu wote. Hata Rumanyika mwenyewe, kama angekuwa hai, asingeweza kuzuia sotoka. Wakati ule hapakuwa na dawa popote duniani. Lakini kuna mambo ambayo mtawala mwenye nguvu angeweza kuyafanya. Angeweza kuamuru ng'ombe wazima watengwe. Angeweza kuwakusanya wachache waliopona na kuwagawa kwa mpango, dume hapa na jike pale, ili wazae. Angeweza kuwaambia wakulima wa mahali penye ndizi wawapokee wenye njaa. Angeweza kutuma pembe za ndovu nchi za jirani kununua ng'ombe. Mambo haya yalihitaji amri moja inayosikika nchi nzima. Amri hiyo haikuwako. Wenye kiti walikuwa wamekwisha kuuana.

Lawama hii kwa sehemu ni ya Rumanyika. Alikuwa mtawala mwema, na wageni wake wote walishuhudia hivyo. Lakini aliiacha serikali nzima ndani ya mtu mmoja. Yeye alipokwenda, ilikwenda naye.

7. Serikali ya Wajerumani

Wengine watasema kwamba serikali nyingine ilikuwapo. Ni kweli. Mwishoni mwa mwaka 1890 Wajerumani walijenga boma lao Bukoba. Karagwe ilihesabiwa kuwa chini yao. Kwa hiyo sotoka ilipoingia, bendera ya Wajerumani ilikuwa inapepea Bukoba.

Lakini Wajerumani walikuja kutawala. Walijenga ngome. Waliwatiisha watawala wa Wahaya na wa Karagwe. Walitaka wapagazi na vibarua, na baadaye wakataka kodi. Kumrudishia mfugaji wa Karagwe ng'ombe wake halikuwa jambo lililowaleta. Walimkuta Mkama dhaifu katika nchi iliyokufa njaa, na udhaifu huo uliwarahisishia kazi.

Watu waliobaki walijisaidia wenyewe. Mtu aliyekuwa na ndama mmoja alimtunza kama mtoto. Majembe yalibadilishwa kwa mbuzi, na mbuzi wengi kwa mtamba mmoja. Mahari zilipungua, maana hapakuwa na ng'ombe wa kulipa. Wafugaji wengi walijifunza kulima. Ilikuwa kazi ya miaka mingi, na kila ukoo uliifanya peke yake.

Kazi ya kila ukoo peke yake ilikuwa na upungufu wake, nao ulionekana baadaye. Ng'ombe wanapokula majani na watu wanapokata kuni na kuchoma malisho, pori halipati nafasi. Ng'ombe walipokwisha na watu walipopungua, majani yalikuwa marefu. Vichaka vikaota. Vichaka vikawa pori. Wanyama wa porini walirudi upesi kuliko ng'ombe. Pamoja nao wakaja mbung'o.

Mbung'o ni inzi anayeuma na kunyonya damu. Huwapa ng'ombe ugonjwa wa nagana, na mahali pengine huwapa watu malale. Katika miaka iliyofuata mbung'o walienea sehemu kubwa ya Karagwe, hasa upande wa bonde la mto Kagera. Mtu aliyekuwa amepata ng'ombe wawili watatu kwa taabu aliwaona wakikonda na kufa tena. Ukoo mmoja hauwezi kufyeka pori la nchi nzima. Ukifyeka bonde lako, mbung'o hutoka bonde la jirani.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walichukua nchi. Wao waliona hasara ya mbung'o, wakaleta wataalamu. Mmoja wao, John Ford, alipigana na mbung'o katika sehemu hizi, na mwaka 1947 yeye na mwenzake walitoa maandishi juu ya historia ya Karagwe. Ford alikuja kueleza kwamba pori lile halikuwa la tangu zamani. Lilikuwa alama ya nchi iliyopoteza ng'ombe na watu wake. Wakati anaandika, zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita tangu sotoka. Kazi ambayo ingefanywa na watu wachache mwaka 1892, sasa ilihitaji idara nzima.

8. Yaliyobaki

Tanganyika ilipata Uhuru mwaka 1961. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na utawala wa Wahinda ukaisha. Karagwe ilitawaliwa na Serikali ya nchi nzima. Mwaka 2012 iligawanywa, na Kyerwa ikawa wilaya yake yenyewe.

Sotoka nayo ilishindwa. Karibu mwaka 1960 mtaalamu aliyeitwa Walter Plowright alitengeneza chanjo nzuri huko Muguga, nchini Kenya. Serikali za Afrika zilishirikiana kuchanja ng'ombe, nchi baada ya nchi, Tanzania ikiwamo. Mfugaji hakuambiwa atafute chanjo yake mwenyewe. Wachanjaji walimfuata zizini. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Katika magonjwa ya wanyama, huo ndio wa kwanza kumalizwa kabisa.

Kuhusu majanga ya leo, Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Sheria hiyo inataka ziwepo kamati za maafa, kuanzia Taifa, mkoa na wilaya mpaka kata na kijiji. Msomaji anaweza kuuliza katika mkutano wa kijiji chake. Kamati yetu ni akina nani? Walikutana lini mara ya mwisho? Kama nyumba 50 zikianguka leo usiku, nani ataandika majina, na yatapelekwa wapi? Maswali hayo si ya utovu wa adabu. Tena ni rahisi kuliko lile la Rumanyika juu ya jua.

Na Rumanyika mwenyewe? Jina lake linakumbukwa bado. Sehemu ya vilima na mabonde ya Karagwe na Kyerwa iliyobaki kuwa pori ilifanywa hifadhi ya wanyama. Mwaka 2019 Serikali iliipandisha kuwa hifadhi ya Taifa, ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Mwaka huo huo ilipandishwa pia Ibanda-Kyerwa, kando ya mto Kagera, mpakani na Rwanda na Uganda. Wageni huenda huko kutazama wanyama.